Picha Iliyopigwa Katika Mwanga Hafifu: Namna ya Kuichunguza na Kuitolea Maoni

Picha ya filamu iliyopigwa usiku, ndani ya chumba chenye taa moja, mara nyingi hurudi kutoka studio ikiwa nyeusi kuliko alivyotarajia mwenyewe. Mwenye picha huwaonyesha wenzake ili wamshauri, nao humjibu kwa neno moja: "Giza." Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii. Halimwambii kama kosa lilitokea wakati wa kupiga picha, wakati wa kusafisha filamu, au wakati wa kuchapa picha kwenye karatasi. Hatua hizi tatu pengine hufanywa na watu watatu mbalimbali, na kila moja ina dawa yake. Mtu aliyeshauriwa vibaya hurekebisha mahali pasipo na kosa, na safari ijayo hupoteza filamu nyingine. Tukio lenyewe, liwe ni arusi, mkutano wa kijiji au mahafali ya shule, halirudiwi.

Kamera za kidijitali zimechukua nafasi ya filamu katika kazi nyingi. Hata hivyo filamu ingali ikitengenezwa na kutumiwa, na kwa walimu wa fizikia na kemia ni somo zuri: matokeo yake hubaki mkononi, nayo yaweza kuchunguzwa hatua kwa hatua.

Mwanga hupungua kiasi gani?

Jicho ni shahidi asiyetegemewa katika jambo hili. Mboni hupanuka na jicho hulizoea giza, hata baada ya dakika chache chumba chenye taa moja huonekana kina mwanga wa kutosha. Vipimo hutoa habari nyingine. Jua kali la mchana huangaza kwa takriban laksi 100,000. Chumba chenye taa ya umeme ya kawaida huweza kuwa na laksi 100 hivi. Mshumaa mmoja, kwa umbali wa meta 1, hutoa karibu laksi 1 tu. Kwa hiyo chumba hicho kina sehemu moja tu katika elfu ya mwanga wa nje.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: katika jua kali, tundu la lenzi likiwa f/16, muda wa kufungua shata huwa ni sekunde 1 kugawanya kwa namba ya wepesi wa filamu. Kwa filamu ya ISO 400, muda huo ni 1/400 ya sekunde. Mwanga ukipungua mara 1,000, yapasa upungufu huo ufidiwe. Tundu likifunguliwa kutoka f/16 hadi f/2, kipenyo chake huongezeka mara 8, na eneo lake mara 64. Hubaki kufidia karibu mara 16, nayo hutokana na muda: 16/400, yaani 1/25 ya sekunde. Mkono uliotulia huweza kuishika kamera kwa muda huo, ingawa kwa shida. Lakini lenzi ambayo mwisho wake ni f/4 huhitaji muda mara nne zaidi, karibu 1/6 ya sekunde. Hapo mkono hutikisika na picha huwa na ukungu. Kwa sababu hiyo mpiga picha wa usiku huiweka kamera juu ya meza au miguu mitatu.

Tena mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Mwanafunzi aliyeketi meta 3 kutoka kwenye taa hupata sehemu moja ya tisa ya mwanga anaoupata mwenzake aliyeketi meta 1. Macho hayaoni tofauti kubwa kiasi hicho, bali filamu huiona. Ndiyo maana katika picha nyingi za usiku uso ulio karibu na taa hutokea vizuri, na waliokaa nyuma humezwa na giza.

Yanayotokea ndani ya filamu

Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe imepakwa gelatini yenye fuwele ndogo sana za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Mwaka 1938 wanafizikia R. W. Gurney na N. F. Mott walieleza jinsi mwanga unavyotenda kazi humo. Fotoni ya mwanga huitoa elektroni kutoka kwenye ioni ya bromidi. Elektroni hiyo hunaswa mahali fulani katika fuwele, nayo huivuta ioni ya fedha na kuigeuza kuwa atomu. Atomu moja peke yake si imara. Baada ya muda mfupi huweza kurudi ilivyokuwa. Zikikusanyika atomu chache, kama nne hivi, huwa kitone imara. Fuwele yenye kitone hicho ndiyo itakayogeuzwa yote kuwa fedha nyeusi wakati wa kusafisha filamu. Fuwele isiyo nacho huyeyushwa na dawa ya kukazia, na mahali pake hubaki peupe.

Hali hii yaweza kufananishwa na kujaza maji katika ndoo inayovuja. Bomba likifunguliwa kwa nguvu, ndoo hujaa kabla maji hayajapotea. Bomba likidondoka tone moja moja, maji huvuja kwa kasi ile ile yanayoingia, na ndoo haijai hata ikingojewa usiku kucha. Vivyo hivyo, katika mwanga hafifu sana fotoni hufika moja moja, na atomu ya kwanza hutoweka kabla ya pili kufika. Mwanafalaki Karl Schwarzschild alilichunguza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 alipokuwa akipima mwanga wa nyota kwa njia ya picha. Aliona kwamba kuongeza muda mara mbili hakufidii kikamilifu mwanga uliopungua kwa nusu.

Kwa filamu ya Ilford HP5 Plus, watengenezaji hutoa kanuni rahisi: muda uliopimwa ukizidi sekunde 1, upandishwe kwa kipeo cha 1.31. Mwanafunzi mwenye jedwali la logi ataona kwamba sekunde 4 huwa karibu 6, na sekunde 10 huwa karibu 20. Asiyejua jambo hili hukiamini kipima mwanga chake, na picha yake hutoka na upungufu ingawa kipimo kilikuwa sahihi.

Negativu iulizwe kwanza

Mtu anayetaka maoni ya maana juu ya picha yake alete vitu vitatu: picha iliyochapwa, negativu yake, na maandishi yanayotaja aina ya filamu, tundu, muda, na umbali kati ya taa na kilichopigwa. Atoaye maoni aanze na negativu. Aishike mbele ya karatasi nyeupe iliyoangazwa na dirisha, akikumbuka kwamba mambo yamegeuzwa: palipopata mwanga ni peusi, na penye kivuli ni peupe kama kioo.

Kwanza atazame pembezoni mwa filamu. Huko mna namba na maandishi yaliyowekwa kiwandani kwa mwanga, kabla filamu haijafika dukani. Mpiga picha hana mkono katika hayo. Maandishi yakiwa meusi na dhahiri, filamu ilisafishwa vyema. Yakiwa yamefifia, pengine dawa ilikuwa imechoka, baridi mno, au muda wake haukutosha, na mpiga picha asilaumiwe kwa hilo.

Pili atazame sehemu za kivuli: nguo nyeusi, nywele, kona za chumba. Ikiwa namba za pembeni ni nzuri lakini vivuli ni vitupu kabisa, mwanga haukutosha wakati wa kupiga. Yamkini taa yenyewe ilikuwa ndani ya picha na ikakidanganya kipima mwanga. Dawa ya kosa hili ni kuusogelea uso wa mtu, kupima mwanga unaoakisiwa na uso huo peke yake, kisha kurudi mahali pa kupigia.

Tatu, ikiwa vivuli vina alama hafifu za nyuzi za nguo au mikunjo ya pazia, lakini picha ya karatasi ni nyeusi tupu, basi negativu ni nzima na kosa ni la uchapaji. Mashine za kuchapa zinazojiendesha nazo zina kosa la kinyume. Hukisia kwamba kila picha ina wastani wa mwanga wa kawaida, kwa hiyo huligeuza giza la usiku kuwa kijivu chenye chembechembe. Katika hali zote mbili inatosha kuichapa picha upya.

Je, filamu yaweza kuokolewa?

Wengine husema filamu iliyokosa mwanga isafishwe kwa muda mrefu zaidi. Kuna ukweli katika shauri hili, ila una mpaka. Muda ukizidishwa, sehemu zilizopata mwanga wa kati na mwingi huzidi kuwa nyeusi katika negativu, na sura huonekana vizuri zaidi kwenye karatasi. Lakini fuwele ambayo haikupata kitone cha atomu za fedha haina cha kukuzwa. Katika kivuli kitupu dawa huongeza ukungu na chembechembe tu. Basi anayemwahidi mwenzake kwamba chumba cha giza kitarudisha kisichoandikwa na mwanga anamdanganya.

Kwa upande mwingine, si kila giza ni kosa. Uso ulioangazwa na kandili, na nyuma yake weusi mtupu, huweza kuueleza usiku kuliko chumba kizima kilichomulikwa kwa flashi. Kwa hiyo mtoa maoni amwulize mwenye picha alitaka kionekane nini. Ikiwa alitaka uso, nao umeonekana, giza lililobaki si hasara. Ikiwa alitaka waliokaa nyuma, hapo ndipo hesabu ya mraba wa umbali ina kazi.

Jaribio la kufanya shuleni

Katika chumba chenye taa moja, wekeni kitambaa cheupe, cha kijivu na cheusi kwa umbali wa meta 1 kutoka kwenye taa, na vingine vitatu kama hivyo kwa meta 3. Kamera iwe juu ya meza. Pimeni mwanga kwenye kitambaa cha kijivu kilicho karibu, kisha pigeni picha tano: kwa nusu ya muda uliopimwa, kwa muda wenyewe, na kwa mara 2, 4 na 8 yake. Andikeni kila kipimo katika daftari. Filamu ikisha kusafishwa, wanafunzi watatu wasiojua yaliyoandikwa wapewe negativu hizo, kila mmoja peke yake, wazipange kwa kufuata muda na waseme ni katika ipi kitambaa cheusi cha mbali kinaanza kuonekana. Mwisho daftari lifunguliwe, na majibu yao yalinganishwe na vipimo.