Pamba Dirisha Bila Kuziba Hewa

Wengi wetu tunapenda kupamba madirisha ya nyumba zetu. Ni jambo zuri. Lakini nyumba nyingi za vijijini zina madirisha madogo. Ukitundika pazia zito toka juu hadi chini, chumba huwa giza mchana kutwa. Hewa haipiti. Mtu mwenye kifua kikuu akikohoa humo, wenzake huambukizwa kwa urahisi zaidi.

Labda utauliza, bwana shamba ana habari gani na mapazia? Sisi tunakaribishwa katika nyumba nyingi, na macho tunayo.

Iko njia ya kupamba bila kuziba. Ni pazia fupi la juu. Kitambaa hiki hufunika sehemu ndogo ya juu ya dirisha. Sehemu kubwa hubaki wazi.

Mitindo yake ni mingi. Wengine hukiacha kitambaa kinyooke. Wengine hukishona kwa marinda. Wengine hukata ukingo wa chini kama mawimbi. Akina mama wanaojua kufuma hulifuma kwa uzi mweupe. Kwa maoni yangu hilo la kufuma linashinda yote, maana mwanga hupenya ndani yake. Tena ni kazi ya mikono yako mwenyewe.

Huna haja ya kununua kitambaa cha dukani. Kanga moja inatosha. Kanga ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu sentimita 110. Chukua rula ya mtoto wa shule. Kata vipande vinne kwa kufuata urefu wa kanga. Kila kipande kiwe na upana wa sentimita 25. Juu kunja sentimita 5, ushone, upate nafasi ya kupitisha ufito. Chini kunja sentimita 2. Pazia litashuka sentimita 18 tu. Kama dirisha lina upana wa sentimita 70, kitambaa ni zaidi ya mara mbili ya upana huo. Marinda yatakaa vizuri. Kwa kanga moja umepamba madirisha manne.

Angalia jina la kanga kabla ya kukata. Kwenye marinda maneno hayasomeki. Ukitaka yasomeke, kipande hicho kisiwe na marinda. Lakini chagua jina la amani. Yako majina ambayo ukiyaning'iniza dirishani, jirani atadhani anasemwa yeye.

Jambo moja linanisikitisha. Watu wengine hukata chandarua cha kulalia ili wapate pazia jeupe. Usifanye hivyo hata kidogo. Pazia fupi halizuii mbu. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, wakati watoto wako wamelala. Chandarua kikae kitandani. Dirishani pigilia wavu wa mbu, halafu pazia lako lining'inie mbele ya wavu huo, upande wa ndani.

Jikoni usiweke pazia la aina yoyote karibu na mafiga. Cheche moja inatosha kuwasha kitambaa, na moto ukifika kwenye paa la nyasi hauzimiki kirahisi.

Ufito uwekwe juu ya misumari miwili bila kufungwa sana, ili uweze kuutoa. Kila mwezi toa pazia, kung'uta vumbi, lifue. Lianike kivulini, kwa sababu jua kali hupausha rangi za kanga.