Ukiinua gari, angalia na propela

Mwezi huu ukurasa wa kazi za mikono umerudi garaji. Akina mama, msigeuze ukurasa haraka. Habari hii inamhusu kila mtu anayepanda gari ya mzigo kwenda Mbarara na mtoto mgongoni.

Barabara zetu hapa Nakivale mnazijua. Mvua ikinyesha, matope yanafika tumboni mwa gari. Ndiyo maana wenye gari wanapenda kuziinua. Wengine wanaongeza majani ya springi. Wengine wanarefusha vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mwisho wa springi kwenye chasisi. Gari inakuwa juu, inapita, na sisi wote tunafurahi. Lakini kuna jambo ambalo wengi wanalisahau, na mwaka jana lilitufikia hapa nyumbani.

Yaliyompata jirani yetu

Mzee mmoja jirani yetu alipeleka Land Cruiser yake ya zamani mjini ikainuliwa. Akarudi nayo, watoto wakaishangilia. Haikupita wiki, ikaanza kutetemeka chini ya miguu kila ikikolea mwendo. Akaambiwa krosi ya propela imekufa. Akanunua nyingine. Mwezi uliofuata, tena. Mara ya tatu, tena.

Jioni moja alikuwa amebeba magunia ya mahindi na mama mmoja anayepeleka mtoto kliniki. Kwenye mteremko wakasikia mlio mkubwa, propela ya nyuma ikakatika ikaanza kupiga chini. Propela ya nyuma ikikatika, injini haiishiki tena gari, hata ukiweka gia ndogo. Bahati breki zilikuwa nzima, gari ikasimama, hakuna aliyeumia. Lakini yule mama mpaka leo, kabla ya kupanda gari, anauliza kwanza: "Hii iliinuliwa na nani?"

Mzee akatuletea gari. Akasema, "Wanangu, karo ya watoto imeishia kwenye krosi. Niambieni ukweli." Hatukukimbilia kufungua bolti. Tulianza kupima.

Kwa nini inatetemeka?

Propela ndilo lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Sisi tuliotoka Congo tumezoea kuliita kardani, na jina hilo linatokana na Mtaliano Gerolamo Cardano, aliyeishi kuanzia 1501 hadi 1576. Kila mwisho wa propela kuna krosi, kile kichuma chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu izunguke huku imepinda.

Krosi iliyopinda haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Kazi ya krosi ya pili ni kusahihisha kosa la ile ya kwanza. Fikirieni wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: huyu akipandisha mchi, mwenzake anashusha, na kazi inaenda. Mmoja akiharibu mpigo, michi inagongana. Ili krosi mbili zipatane, zipinde kwa nyuzi sawa, na uma za propela huku na huku zikae kwenye mstari mmoja.

Basi ukirefusha vile vyuma vya kuning'iniza springi ya nyuma, mwisho wa springi unashuka, ekseli inajizungusha kidogo, na pua ya difu inatazama juu. Gari imepanda, lakini krosi zimeacha kupatana.

Tulivyopima

Vifaa havikuwa vya bei. Tuliazima protrakta kwenye mkebe wa hesabu wa binti wa mzee, tukafunga uzi na nati nzito kwenye alama ya katikati. Siku hizi hata simu zina programu ya kupima mwinuko. Gari isimame mahali tambarare, kwa tairi zake, na mzigo wa kawaida. Usipime ikiwa imening'inizwa kwa jeki, maana springi hazibebi mzigo na vipimo vinakudanganya. Tena ukiingia chini, weka mawe mbele na nyuma ya tairi. Propela ikifunguliwa, gia peke yake haizuii gari kutembea.

Tulipata hivi: giaboksi inainama kwa nyuma nyuzi 3, propela nyuzi 9, pua ya difu nyuzi 7. Toa sasa. Krosi ya mbele, 9 toa 3 ni nyuzi 6. Krosi ya nyuma, 9 toa 7 ni nyuzi 2. Tofauti ni 4! Sisi tunataka isizidi nyuzi 1. Binti ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja jibu, mafundi tukiwa bado tunahesabu vidole.

Dawa yake

Tuliweka kabari za chuma za nyuzi 4 kati ya springi na ekseli, pande zote mbili, ili pua ya difu irudi chini. Kabari za chuma ni bora. Za alumini hupasuka mapema. Bolti ya katikati ya springi iwe ndefu ya kutosha, na yu-bolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Kabla ya kufungua propela tulipiga alama ya rangi, ili uma zirudi mahali pake. Tulipopima upya, krosi zote mbili zilikuwa karibu nyuzi 6. Bado ni nyingi kuliko zamani, kwa hiyo tulimshauri mzee asikimbize gari na apige grisi mara kwa mara.

Kuna mengine matatu ya kuangalia gari ikishainuliwa:

- Propela ina sehemu inayoteleza kurefuka na kufupika. Ikibaki imeshika kidogo tu, itachomoka kwenye shimo. Irefushwe.
- Mipira ya breki isivutike hata tairi zikishuka kabisa.
- Ekseli ya mbele usiiwekee kabari bila kufikiri. Ukiinua pua ya difu ya mbele, usukani unapoteza uthabiti na gari inaanza kutangatanga barabarani.

Na wewe abiria

Mtetemeko unaoongezeka na mwendo, au mlio wa "kla!" dereva akiachia klachi, ni ujumbe. Mwambie dereva kwa adabu: "Baba, gari inatuongelea." Na wewe mwenye gari, ukiona krosi ya pili imekufa upesi, usinunue ya tatu. Pima kwanza.

Ile Land Cruiser bado inafanya kazi na haijala krosi nyingine. Binti wa mzee amerudishiwa protrakta yake, ina grisi kidogo. Kijana anayetaka kujifunza kupima, wa kiume au wa kike, aje garaji na mkebe wake wa hesabu. Tunawatakia safari njema.