Uchaguzi wa Gari la Kwanza la Umeme: Kutoka kwa Matajiri hadi kwa Umma

Kampuni changa inayokusudia kuunda magari ya umeme hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: itoe kwanza gari la aina gani? Jibu linaloelekea kuwa la haki ni gari dogo la bei nafuu, kwa kuwa wanaolihitaji ni wengi. Hata hivyo, kampuni ya Tesla, iliyoanzishwa California, Marekani, mwaka 2003, ilifuata njia iliyo kinyume. Gari lake la kwanza, Roadster, lililotolewa mwaka 2008, lilikuwa la viti viwili na la mwendo wa kasi, na bei yake ilikuwa dola 100,000 hivi.

Sababu ya kwanza ni betri. Ile ya Roadster iliundwa kwa seli ndogo 6,831 za aina iliyotumika katika kompyuta za mkononi, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 450 hivi. Wakati ule betri ndiyo iliyokuwa mzigo mkubwa wa gharama. Katika gari la bei nafuu, gharama hiyo ingemeza sehemu kubwa ya bei. Katika gari la kifahari hubebeka, maana mnunuzi wake amekwisha kukubali kulipa ghali.

Sababu ya pili ni idadi. Gari la bei nafuu huleta faida iwapo tu linaundwa kwa maelfu mengi, na hilo hudai kiwanda kikubwa. Roadster halikudai hivyo: bodi na fremu yake viliungwa Uingereza na kampuni ya Lotus, na hadi mwaka 2012 yalikuwa yameuzwa magari 2,450 hivi tu.

Mnamo Agosti 2006 Elon Musk, mwenyekiti wa bodi, alikuwa ametangaza mpango wenyewe: fedha za gari ghali zitumike kuunda lisilo ghali sana, na za hilo ziunde lililo nafuu zaidi. Ndivyo yalivyofuatana Model S mwaka 2012 na Model 3 mwaka 2017. Lakini mauzo ya Roadster peke yake hayakutosha. Mwishoni mwa mwaka 2008 kampuni ilikaribia kufilisika, na mwaka 2010 ilikopeshwa dola milioni 465 na serikali ya Marekani, deni lililolipwa mwaka 2013.

Wengine walichagua vingine. Nissan, yenye viwanda na mapato ya magari ya petroli, iliweza kuwaendea watu wa kawaida moja kwa moja kwa gari la Leaf mwaka 2010. Rivian, kampuni changa ya Marekani, iliacha wazo lake la awali la gari la kasi, ikatoa pikapu mwaka 2021: gari ambalo Wamarekani hulinunua kwa wingi na kulilipia ghali.

Mfuatano huu unaigusa Kongo. Seli za Roadster zilikuwa na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbuliwa duniani hutoka Kongo, hasa pande za Kolwezi. Lakini kadiri gari la umeme linavyoshuka kutoka kwa tajiri kwenda kwa mtu wa kawaida, ndivyo muundaji anavyotafuta betri ya gharama ndogo. Na magari mengi ya bei nafuu siku hizi hutumia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo. Kwa hiyo swali la gari lipi litolewe si la wenye viwanda peke yao. Jibu lake huamua pia ni madini gani yatakayotafutwa, na mchimbaji wa Kolwezi, ambaye huenda asiliendeshe kamwe gari hilo, ndiye atakayeyaona matokeo yake katika kipato chake.