Amri Iliyobandikwa Haisubiri

Vijana wanaojifunza kazi ya kompyuta huniuliza mara kwa mara: mbona kunakili maneno, jambo jepesi kabisa unapoandika barua, huwa kazi ndani ya terminali, yaani kile kidirisha cha kuandikia amri?

Jibu langu ni kwamba terminali ina desturi zake. Katika barua, vitufe vya Control na C hunakili. Katika terminali, vitufe hivyo hivyo huiambia programu inayofanya kazi ikome. Mtu akidhani ananakili, kumbe amekatiza kazi ya saa nzima.

Tuchukue mfano wa Vim, programu ya kuandikia matini iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Toleo lake la 8.1, la mwaka 2018, lilikuja na terminali ndani yake. Humo, karibu kila unachobonyeza huenda kwa programu iliyomo kidirishani, si kwa Vim. Ukitaka kunakili, bonyeza Control na W, kisha N kubwa. Kidirisha hugeuka kama ukurasa: unachagua maneno kwa v, unayanakili kwa y, halafu unarudi kwenye amri kwa i. Kubandika ni Control na W, kisha alama ya usemi, ile ya vijistari viwili, mara mbili.

Hatari iko kwenye kubandika. Terminali huweza kuuchukulia mwisho wa mstari kuwa ni kitufe cha Enter. Ukibandika mistari mitatu, wa kwanza huanza kutekelezwa kabla macho yako hayajaufikia wa tatu. Ikiwa mmoja wao una amri ya rm, mafaili hufutwa papo hapo, wala hayapitii kapu la taka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kweli, programu ya Bash, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2020, kwa kawaida huyashikilia yaliyobandikwa mpaka wewe mwenyewe ubonyeze Enter. Lakini si kila mahali pana kinga hiyo.

Ndiyo maana nasema, faida kubwa ya terminali iliyomo ndani ya programu ya kuandikia ni ule ukurasa ulio kando yake. Bandika amri za watu hapo kwanza, uzisome mstari kwa mstari, usichokielewa ukiulize. Ukisharidhika, ndipo uzipeleke.

Kwa leo naishia hapo. Tuonane juma lijalo.