Shemeji Barazani: Lugha na Nafasi ya Mgeni Miongoni mwa Marafiki wa Mchumba

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii humpa mgeni hadhi ya mtu aletaye heri, lakini haigusii mashaka ya mgeni mwenyewe, hasa anapokuwa mgeni wa mpenzi wake na kutarajiwa kupatana na watu waliomjua mpenzi huyo kabla yake. Kwa vijana wengi wa vyuo vikuu, wikendi ya kwanza pamoja na marafiki wa mchumba huhesabiwa kuwa burudani tu: safari, chakula, matembezi na vicheko. Hata hivyo, ndani ya burudani hiyo mna mtihani usiotangazwa. Marafiki humpima mgeni. Mgeni naye humpima mchumba wake upya. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mtihani huo unavyoendeshwa kupitia lugha, na kwa nini baadhi ya wageni huupita ilhali wengine hurejea makwao wakiwa wameumbuka.

Mfano wa Wikendi Moja

Ichukuliwe hali ya kijana aliyelelewa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambaye mchumba wake ni mzaliwa wa Mombasa. Wote wawili wanasomea Nairobi. Siku ya Ijumaa wanaabiri gari moshi la reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, na kusafiri kilomita zipatazo 480 hadi Miritini. Msichana anakwenda kwao Mji wa Kale. Kijana analala kwa binamu yake mtaani Tudor. Jumamosi jioni wanakutana na marafiki aliosoma nao msichana tangu utotoni, katika bustani ya Mama Ngina, panapouzwa madafu, mihogo na viazi karai mkabala wa mlango wa bahari ambamo meli hupita zikielekea bandari ya Kilindini. Mandhari yanapendeza na chakula ni kitamu. Kinachosalia ni mazungumzo.

Salamu na Kazi Yake

Jambo la kwanza linalomkabili kijana huyu ni salamu. Mwaka wa 1923 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza kwamba si kila usemi hutumiwa kupasha habari. Upo usemi ambao kazi yake ni kuunganisha watu. Salamu za Waswahili ni mfano bora wa usemi huo. Kijana wa Nairobi amezoea kuulizwa "Sasa?" na kujibu "Poa," kisha mazungumzo yakaendelea. Pwani, salamu yaweza kumgusa yeye mwenyewe, kisha safari, kisha watu wa nyumbani, hata kama aulizaye hawajui. Mgeni anayekata salamu kwa haraka hakosei sarufi, anakosea adabu. Huonekana mwenye majivuno, ingawa moyoni huenda ana haya tu.

Jina la Shemeji

Punde baada ya salamu, marafiki wanampa kijana jina: shemeji. Hawana udugu wa damu na mchumba wake, wala ndoa haijafungwa. Hata hivyo neno hilo lina kazi mbili. Kwanza, linamtoa mgeni nje ya kundi na kumpa kiti ndani yake. Hana haja tena ya kujieleza yeye ni nani. Pili, linafungua mlango wa utani, kwa kuwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mashemeji hutaniana.

A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake mashuhuri ya mwaka wa 1940, aliueleza utani kuwa uhusiano ambao mtu huruhusiwa kumkejeli mwenzake, naye mwenzake hutarajiwa asikasirike. Maelezo haya yanafumbua jambo ambalo wageni wengi hulitafsiri visivyo. Marafiki wanapomwambia kijana kwamba mahari ya binti yao ni jahazi zima la tende, au kwamba mtu wa bara hajui kula samaki bila kumezwa na miiba, hawamfukuzi. Wanamjaribu kama anaweza kukaa kwenye kiti walichompa. Mgeni wa kuogopewa hapewi utani. Hupewa heshima baridi na kikombe cha chai.

Lahaja na Kuchekwa

Utani una hatari zake. Rafiki mmoja aliyeketi kando anamwita kijana: "Shemeji, ndoo!" Kijana anainuka, anatazama huku na huko akiitafuta ndoo ya maji. Kicheko kinalipuka. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, "njoo" hutamkwa "ndoo," kama vile "njia" iwavyo "ndia," "macho" yakawa "mato," na "kichwa" kikawa "kitwa." Kijana ambaye amefaulu Kiswahili shuleni anagundua kwamba alama zake hazimsaidii kitu. Ni vyema kukumbuka kwamba mkutano wa mwaka wa 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papo hapo Mombasa. Wenyeji wa mji huo wamefundishwa Kiswahili sanifu darasani, lakini Kimvita ndicho kilichobakia lugha ya nyumbani na ya marafiki.

Kinachomuuma kijana zaidi si kuchekwa. Ni kumwona mchumba wake akicheka pamoja nao, kisha akiendelea kusema kwa kasi lugha ambayo hajawahi kumsikia akiisema. Chuoni, wawili hao huzungumza Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza na Sheng. Hapa msichana ana sauti nyingine, mizaha mingine na visa vya utotoni visivyo na nafasi ya mgeni. Ni rahisi kijana kudhani kwamba ama alidanganywa Nairobi au anasahauliwa Mombasa.

Isimujamii inatoa maelezo yenye faraja zaidi. Howard Giles, ambaye aliweka misingi ya nadharia yake katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba wazungumzaji huibadili lugha yao ili kuwakaribia wasikilizaji wao au kujitenga nao. Msichana huyu hana nyuso mbili. Anawakaribia marafiki zake kwa lahaja yao, kama anavyomkaribia mchumba wake kwa mseto wa chuoni. Tatizo ni kwamba jioni hiyo hadhira zake mbili zimeketi kwenye mkeka mmoja, na hawezi kuzikaribia zote kwa sentensi moja.

Hatari ya Kukaribia Kupita Kiasi

Kunayo methali isemayo kwamba ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wageni wengi huifuata methali hii bila kiasi. Kijana anaweza kuanza kuiga lafudhi ya wenyeji, akisema "ndoo" na "ndia" katika kila sentensi. Anayefanya hivyo hudhani anajenga urafiki, kumbe wenyeji wanaweza kusikia kejeli. Lahaja ni mali ya watu. Anayeichezea kabla ya kukaribishwa huonekana kuwaigiza wenyewe. Vivyo hivyo, mgeni wa Pwani akija Eastlands na kumwaga Sheng aliyoisikia redioni atachekwa, maana Sheng hutofautiana baina ya mitaa na hubadilika upesi.

Kinyume chake pia ni kosa. Mgeni anayenyamaza jioni nzima akibonyeza simu yake huwaachia wenyeji kazi ya kuujaza ukimya wake, nao hujaza kwa dhana. Njia ya kati ni kubaki na lugha yake, kuuliza maana ya asichokielewa, na kukubali kuwa mjinga wa mambo ambayo kwa kweli hayajui. Kijana anayesema, "Basi nifundisheni, maana mimi nilikwisha kwenda kisimani," ameubadili mkasa wake kuwa mchango katika kicheko. Wenyeji watapenda kumfundisha, na anayefundisha hawezi kubaki adui.

Wajibu wa Mchumba

Mara nyingi lawama humwangukia mgeni pekee, hali mwenye ufunguo ni mchumba. Yeye ndiye ajuaye lugha zote mbili. Akimnong'onezea mwenzake kisa cha "siku ile ya mwalimu na mbuzi" kabla ya wengine kukicheka, amemtoa nje ya mlango. Akitaja mbele ya marafiki jambo ambalo mgeni analijua vizuri, mathalani mpira au muziki, amempa zamu ya kusema. Tena, akiona utani umevuka mpaka na kugusa kabila, dini au umaskini wa kwao mwenzake, ni juu yake kuukomesha. Mgeni hawezi kujitetea bila kuonekana mwenye hasira. Mchumba anaweza, kwa kuwa yeye ni wa pande zote mbili. Mchumba anayecheka katika hali hiyo ili asiwaudhi marafiki zake amekwisha kuchagua upande, hata kama hakukusudia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupatana na marafiki wa mchumba si suala la kupendeza tu, bali ni la kuelewa nafasi ambayo lugha humpa mgeni. Salamu humfungulia mlango, jina la shemeji humpa kiti, utani hukijaribu kiti hicho, na lahaja humkumbusha kwamba nyumba ina wenyewe. Mgeni hana budi kustahimili kuchekwa kwa jambo dogo. Wenyeji nao hawana budi kutambua pale ambapo kicheko kimegeuka kisu. Baina yao amesimama mchumba, mkalimani wa watu anaowapenda.

Jumapili asubuhi, mahamri na mbaazi vikiwa mezani, iwapo rafiki yule yule atamwita, "Shemeji, ndoo!" na kijana akaitikia kwa kujongea, huku wote wakikumbuka mkasa wa jana, itakuwa dhahiri kwamba kundi limepata kisa kipya cha kusimuliana. Safari hii mgeni naye yumo ndani ya kisa hicho.