Unaponunua Laini ya Simu, Usiuze Siri ya Nyumba Yako

Sifa zote njema anastahiki Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam).

Ndugu Waislamu, tunapochagua laini huuliza mambo mawili: bando la nani rahisi, na mtandao upi unashika kwetu. Ni haki kuuliza, kwani mwenye wazee Micheweni au Makunduchi hana faida na laini isiyoshika. Lakini lipo la tatu: taarifa zetu tunamkabidhi nani?

Kampuni ya simu inajua jina lako, namba yako ya NIDA, uliyempigia, saa uliyompigia, na mnara uliokuwa karibu nao. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa, haiusomi. Hayo mengine yote inayo. Hiyo ni amana. Suuratul-Hujuraat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, na Suuratun-Nuur, aya ya 27, imekataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini. Simu yenye picha za wake na mabinti zetu nayo ina sitara yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, na kulalamika kwenye Tume husika. Inatumika Zanzibar kwa mambo ya Muungano, na mawasiliano ni mojawapo.

Mara nyingi madhara huanzia kwa wakala wa barabarani. Anakwambia "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe amesajili laini ya pili kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kutapeli, anayetafutwa ni wewe. Kwa hiyo:

1. Sajili kwenye duka la kampuni lenyewe. Mama au binti asiende peke yake kwa wakala asiyejulikana, wala asimwachie simu yake.
2. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua, nenda ukaifute.
3. Usimsajilie mtu mwingine laini kwa kidole chako, hata akiwa jirani.
4. Namba ya siri ya pesa usimtajie yeyote, hata anayedai ni mfanyakazi wa kampuni.
5. Kampuni ikikuchosha, unaweza kuhamia nyingine na namba yako ile ile.

Tofauti ya shilingi mia tano kwenye bando husahaulika. Siri ikishatoka haizoleki.

Wa-Allaahu A'lam.