Filme tatu juu ya inchi yetu ambazo wengi wetu hatujaziona



Niseme wazi tangu mwanzo: mimi si mutu wa sinema. Nilisoma agronomi, niko na lisansi yangu, na filme naangalia kama watu wote, mangaribi, mu kompyuta ya rafiki, kama umeme uko. Lakini tangu mwaka jana nimeacha kidogo zile za mapigano, nikaanza kutafuta zile zinazosema juu ya inchi yetu. Hizi tatu zimeonwa sana Ulaya kuliko hapa kwetu Bukavu.

Zote ni dokumentere. Hakuna muchezaji anayelipwa ili ajifanye maskini. Mwenye kamera anafuata mutu wa kweli siku kwa siku, kisha anachagua vipande na kuvipanga. Hakuna sauti inayokueleza uwaze nini. Mwanzoni inachosha, siwadanganyi. Vumilia dakika 20, macho yatazoea.

Ya kwanza ni Makala (2017), ya Mufaransa Emmanuel Gras. Iko upande wa Katanga. Kabwita Kasongo anakata muti mukubwa kwa shoka, anauchoma chini ya udongo, anapakia mifuko ya makala kwenye kinga, kisha anaisukuma kwa miguu karibu kilometa 50 mpaka Kolwezi. Anataka kitu kimoja: kujengea bibi na watoto nyumba, na aipate manjanja. Njiani gari inaangusha muzigo wake. Kwa barieri wanamutoza feza ndipo apite. Mu mji, wanunuzi wanamuvutia bei chini sawa vile makala yalifika yenyewe.

Hapo njo niliumia. Kazi yangu ya mwisho wa masomo ilikuwa juu ya misitu na udongo. Niliandika kama wachomaji wa makala ni waharibifu, jury wakanipa pointi nzuri. Hakuna mchomaji hata mmoja niliyemuuliza kitu. Na siku ile ya utetezi, chakula cha wageni mama alikipika juu ya makala.

Sisemi kama nilikosea yote. Udongo usio na mizizi mvua inaubeba, na muti kama ule haurudi mu miaka mitano. Tena tanuru ya udongo inapoteza sana: kwa kilo 100 za kuni, mara nyingi haupati hata kilo 20 za makala. Lakini ukiangalia Kabwita akisukuma ile kinga, unaelewa kama kumukataza tu si jibu. Tanuru nzuri zaidi, akasia zilizopandwa karibu na vijiji, babula inayokula makala kidogo: hizo ni kazi za siye wa agronomi. Mu kazi yangu niliziwekea ukurasa mumoja, mwishoni kabisa.

Ya pili ni Examen d'État (2014), ya Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani. Wanafunzi wa mwaka wa sita wanafukuzwa darasani sababu hawajalipa feza ya masomo. Wanatafuta nyumba, wanakaa pamoja wanajifunza wenyewe. Wengine wanapeleka kalamu ziombewe, wengine wanatafuta majibu ya kununua. Rafiki yangu mumoja alisema filme hii inatuaibisha mbele ya wazungu. Nilimuuliza: wewe minervali yako ililipwa mara ngapi kwa wakati? Alicheka, akanyamaza. Mimi naona aibu haiko kwa wale watoto. Wao walifukuzwa, na bado walienda kujifunza. Kitu kimoja tu kinanikosesha: ningetaka kujua walifika wapi kisha diplome.

Ya tatu ni En route pour le milliard (2020), tena ya Hamadi. Mu mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Wengi wenu mulikuwa hamujazaliwa, ao mulikuwa wadogo. Waliokatika miguu na mikono siku zile wanashuka mutoni kwa mashua mpaka Kinshasa kuomba malipo yao. Picha zingine ni giza, kamera inatikisika, lakini mule ndani ya mashua, mvua inanyesha, mutu na magongo yake, sikuweza kufunga kompyuta. Mu 2022 mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325. Ukiisha kuona hii filme, hiyo hesabu inakuwa na sura za watu.

Mwenye hatazami dokumentere aanze na Examen d'État, ndiyo nyepesi, na inachekesha pia. Wa agronomi waanze na Makala. Na mwenye anaandika kazi yake ya mwisho mwaka huu, namuomba kitu kimoja: kabla ya kuandika juu ya watu fulani, ende akae nao hata siku moja, abebe hata mufuko mumoja. Mimi sikufanya vile. Jumamosi moja ya mwezi ujao nataka kwenda kwa wachomaji, mbali na kamera na bila swali la kusahihishwa. Wanaotaka tuende pamoja, tuambiane.